Kosa la Kupika Chukuchuku

Yaliyokuwapo yalikuwapo, na yasiyokuwapo yalitangazwa redioni kwamba yapo. Ndivyo zinavyoanza habari zote za nchi ya Shibeni, nchi ambayo hutaiona kwenye ramani, maana ramani yake ya mwisho ilifungiwa maandazi na mafuta yakapenya mpaka upande wa pili.

Shibeni ilikuwa nchi yenye bahati. Ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Mshibishaji. Mshibishaji alikuwa na kiwanda cha mafuta ya kula na samli, na kiwanda hicho kilichangia ukuta na karakana ya shemeji yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari. Undugu ni kufaana. Matangi ya mafuta yalipoanza kuvuja, shemeji hakukaa akitazama ndugu zake wakiumbuka. Alichukua risasi, yale madini laini ya kijivu yanayotolewa ndani ya betri, akayayeyusha na kuyapaka matangi yote kwa ndani, bure, wala hakudai hata soda. Mafuta yakakoma kuvuja. Samli nayo ilipoonekana imepauka, shemeji akakumbuka kwamba ana mapipa ya rangi ya njano yaliyobaki kwenye kazi ya kuchora mistari ya barabarani. Samli ikawa ya njano ya kupendeza, na shemeji akavishwa nishani.

Ni kweli kwamba baada ya hapo watu wa Shibeni walianza kusokotwa na matumbo. Lakini Waziri wa Shibe aliwaeleza vizuri kwamba tumbo la mtu aliyeshiba lazima liseme. Yeye mwenyewe kila mwaka, Siku ya Mafuta, alipanda jukwaani akanywa kikombe kizima mbele ya umma. Mwaka wa kwanza alihutubia saa tatu. Mwaka wa pili alihutubia dakika kumi. Mwaka wa tatu alisimama, akautazama umati, akauliza hapa ni wapi, na magazeti yakamsifu kwa hotuba fupi yenye swali zito.

Zamani huko Shibeni mtu aliyetoka kula nono hakufuta mdomo, ili jirani aone. Mshibishaji aliona desturi nzuri kama hii isiachwe kwa hiari ya watu. Akaifanya sheria: ikifika saa sita mchana, kila raia awe na mdomo unaong'aa. Wakaajiriwa Wakaguzi wa Midomo, wakapewa kofia za njano na karatasi laini za serikali za kupangusia, wakawa wanazunguka sokoni, maofisini na mashuleni wakiwakodolea watu midomo. Aliyekutwa na mdomo mkavu aliandikiwa kosa la kuitukana shibe ya taifa. Na chakula cha kuchemsha kwa maji na chumvi tu, kile kinachoitwa chukuchuku, kikaingizwa kwenye orodha moja na bangi na redio za nje.

Sasa katika mji wa Kaangoni palikuwa na Shule ya Msingi Mjokeni, na shuleni hapo palikuwa na jiko la kuni, na kwenye jiko hilo alikuwapo Bi Mashavu. Alikuwa mwanamke anayekaribia miaka sitini, mfupi, mwenye upawa mrefu na ulimi mrefu kuliko upawa. Baba yake alikuwa mwashi. Hakumwachia nyumba wala shamba. Alimwachia jedwali la kuzidisha, la moja mpaka la kumi na mbili, alilomfundisha kwa kumpangisha matofali, na Bi Mashavu aliuona huo kuwa urithi bora kabisa kwa sababu hapakuwa na shemeji wa kuugombania.

Kwa hiyo jikoni kwake palikuwa na kanuni moja. Mtoto hapewi chakula kabla ya kujibu.

"Nne mara nane?"

"Thelathini na mbili!"

"Sahihi. Lete bakuli."

Aliyekosea alirudi nyuma ya foleni akafikiri, na kwa kuwa foleni ya watoto haikosi wa kunong'ona, hakuna aliyelala njaa. Walimu walicheka wakasema jiko la Bi Mashavu linafundisha kuliko madarasa. Walikuwa wanatania, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Aliyekuwa haendi nyuma ya foleni kamwe ni Kidawa, mjukuu wake, mtoto wa marehemu binti yake, aliyemlea mwenyewe tangu ana siku arobaini. Kidawa alikuwa na miaka tisa na alijibu kabla swali halijatimia. Ukimwambia "saba mara" tu, anakuuliza, "Mara ngapi, Bibi, nikupe zote?" Bi Mashavu alijifanya kumkemea kwa kiherehere, kisha akigeukia moto anatabasamu peke yake. Kama kuna kitu alichokipenda duniani kuliko jedwali, ni hicho kiherehere.

Siku moja lori likaja shuleni na matarumbeta. Lilikuwa limebeba madumu ya Mafuta ya Uzalendo na makopo ya Samli ya Uzalendo, zawadi ya Mshibishaji kwa watoto wote wa taifa, na zawadi nyingine ingekuja kila mwezi. Bi Mashavu alipiga vigelegele kama wenzake. Muungwana hakatai zawadi. Akakaanga, akaunga, akamwagia samli juu ya wali mpaka watoto wakalamba vidole. Kwa mkono wake mwenyewe, kwa upawa wake mwenyewe. Baadaye alikuja kulikumbuka jambo hilo kila alipoushika upawa ule.

Mwezi wa tatu, watoto wa darasa la tano wakaanza kukwama kwenye tisa. Mwezi wa tano, foleni yote ikawa inarudi nyuma, na hapakuwa na wa kunong'ona. Watoto wakapauka. Wengine wakawa wanapigana bila sababu, wengine wanasinzia wamesimama. Walishika matumbo, walidondosha mabakuli. Bi Mashavu hakuwa na darubini wala mashine, lakini alikuwa na watoto mia mbili na arobaini waliopita mbele ya sufuria yake kila siku ya Mungu, na aliwaona wanazimika mmoja mmoja kama makaa.

Mwezi wa saba akauliza, "Saba mara nne?"

Kidawa akautazama upawa. Midomo yake ilicheza, lakini haikutoka sauti. Kisha akasema polepole, "Bibi, nilikuwa nalijua. Jana nilikuwa nalijua."

Bi Mashavu akamjazia bakuli bila jibu, mara ya kwanza tangu aanze kupika. Siku hiyo hakula.

Akaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Ngwali, mtu mwema aliyebakiwa na miaka miwili kabla ya kustaafu na aliyekuwa akitembea kana kwamba miaka hiyo ni mayai kwenye tenga.

"Mwalimu, watoto wanaharibika."

"Wametulia, Bi Mashavu," Mwalimu Ngwali akasema, akaonyesha cheti kipya ukutani. Kilikuwa cha Darasa Tulivu, daraja la kwanza kitaifa. "Mkaguzi wa shule alikuja, hakusikia hata mtoto mmoja akiuliza swali. Akalia machozi ya furaha."

"Hawajui saba mara nne!"

"Hilo limeshashughulikiwa." Akatoa waraka wa Wizara ya Elimu. Waraka ulisema kwamba baada ya utafiti wa kina jedwali la kuzidisha limeboreshwa, na kuanzia muhula huo litaishia sita, kwa kuwa saba mpaka kumi na mbili ni mabaki ya ukoloni. Muhula uliofuata likaboreshwa tena, likaishia nne. Ufaulu wa taifa ukapanda hadi asilimia tisini na tisa, na ile moja iliyobaki hakuna aliyeweza kueleza ilikokwenda.

"Mwalimu," Bi Mashavu akasema, "usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Mimi nimepanga, mama," Mwalimu Ngwali akajibu kwa huzuni. "Ukuta si wangu."

Aliyemfumbua macho ni jirani yake, Fundi Mbaruku, aliyekuwa mfanyakazi wa karakana ya shemeji. Fundi Mbaruku alifukuzwa kazi kiganja chake cha kulia kilipokataa kuinuka. Kilikuwa kinaning'inia tu, hata kikombe cha chai alikishika kwa mkono wa kushoto. Alikuja kuazima moto, akamkuta Bi Mashavu amekaa na dumu mbele yake anailaumu mizimu.

"Mizimu haihusiki, dada," akasema. "Ni risasi. Tuliyapaka matangi kwa ndani, mimi nilikuwamo. Mafuta yanakaa mle wiki, yanailamba kidogo kidogo. Haina harufu, haina ladha. Sisi tulioishika kwa mikono ilitupata mikononi. Watoto wanaila, nayo inakwenda kichwani."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa na watoto wanne wa kulisha." Akakishika kiganja chake kilicholegea. "Nikawalisha hayo hayo mafuta. Tulipewa bei ya wafanyakazi."

Alimletea donge la risasi lililosalia mfukoni mwa koti lake la kazi, la kijivu, dogo kama embe dodo changa lakini zito kuliko jiwe. Bi Mashavu akalifunga kwenye pindo la kanga, akachukua na chupa ya mafuta, akapanda basi kwenda mji mkuu, kwenye Ofisi ya Sumaku ya Taifa.

Ofisi hiyo ndiyo iliyopima usafi wa vyakula vyote vya Shibeni, na ilipima kwa sumaku. Sumaku yenyewe ilikuwa kubwa kama kiatu cha farasi, ilikaa kwenye mto wa mahameli mwekundu, na ilibebwa na wanaume wawili waliokula kiapo. Mkurugenzi wake, Dakta Mng'aro, alimpokea Bi Mashavu kwa adabu zote, akamkaribisha kiti, akamsikiliza huku akitikisa kichwa.

"Metali ndani ya mafuta ya Mshibishaji," akasema. "Ni tuhuma kubwa, mama. Lakini sisi hatutishwi na tuhuma. Sisi tunapima."

Akaagiza mafuta yamiminwe kwenye bakuli la fedha. Sumaku ikaletwa, watu wote wakasimama. Ikapitishwa juu ya bakuli mara tatu. Hakikuruka kitu. Karani akaandika: mafuta ni safi.

"Naomba sasa mnipimie na hiki," Bi Mashavu akasema. Akafungua pindo, akaliweka donge mezani kwa kishindo. "Hii ni risasi tupu. Hata mtoto anajua ni metali."

Sumaku ikapitishwa. Donge halikutikisika. Ikapitishwa mara ya pili, ikashushwa mpaka ikaligusa. Donge likabaki limetulia pale pale. Bi Mashavu akaona moyoni mwake kwamba sasa wameelewa.

Dakta Mng'aro akasafisha koo.

"Andika," akamwambia karani. "Kitu kilicholetwa na mwananchi huyu kimepimwa. Sumaku ya Taifa haikukitambua. Kwa hiyo si metali."

"Ni nini basi?"

"Hilo si la ofisi hii, mama. Jaribu Wizara ya Kilimo."

Bi Mashavu alimtazama mtu yule, na miwani yake ya dhahabu, na mto wake wa mahameli, akahisi hasira ikimpanda kuanzia nyayo. Hakutukana. Alilifunga donge lake tena, akasema, "La kuvunda halina ubani, mwanangu," akaondoka. Ndani ya basi la kurudi hakulala wala hakulia. Alikuwa anapanga mapishi.

Kesho yake madumu yote ya Uzalendo aliyaingiza stoo, akayapanga, akayafunika magunia. Mwanamke mmoja aliyemsaidia kuchambua mchele akamuuliza kwa nini asiyamwage.

"Nimwage wapi?" akasema Bi Mashavu. "Ardhi nayo ina watoto."

Akapika chukuchuku. Maharage yaliyochemshwa na chumvi na kitunguu. Mchicha wa maji. Viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, samaki mkavu kwa nyanya na ndimu. Watoto siku ya kwanza walinuna, wakasema chakula kimekufa. Siku ya nne walikuwa wanakwangua sufuria. Nyumbani kwake na Kidawa ikawa hivyo hivyo, na wazazi kadhaa walioitwa jikoni mmoja mmoja na kuonyeshwa mkono wa Fundi Mbaruku wakaacha nao, kimyakimya, madirisha yamefungwa.

Tatizo likabaki midomo. Bi Mashavu akalitatua kwa bamia. Alichemsha bamia tele, akakamua ute wake kwenye kopo, na kila ilipokaribia saa sita watoto walipanga mstari, akampaka kila mmoja mdomo kwa kidole. Shule nzima ikang'aa. Wakaguzi wa Midomo walipita mara moja, mara mbili, wakaandika kwenye taarifa zao kwamba Mjokeni ni mfano wa kuigwa, na mmoja akasema hajapata kuona uzalendo mzito namna ile.

Na watoto wakaanza kurudi. Sitasema wote, maana uongo tumewaachia wenye redio. Wapo waliorudi nusu, na wapo ambao mpaka leo ukiwauliza jambo wanakutazama kwa upole tu. Lakini foleni ilianza kunong'ona tena. Sita mara sita ikarudi. Nane mara tano ikarudi, ingawa serikali haikuwa imeiruhusu. Kidawa alinenepa kidogo, tumbo likaacha kumuuma, akarudi hata kugombana na wenzake juu ya kamba ya kuruka. Saba tu ndiyo haikurudi. Kila mchana Bi Mashavu alimuuliza, na kila mchana mtoto alifumba macho, akatafuta, akafumbua.

"Kesho, Bibi."

"Kesho, mjukuu wangu. Lete bakuli."

Hivyo Bi Mashavu alikuwa akiishi akisubiri jibu moja, na hakuna kingine alichokitaka.

Mambo yaliharibika siku alipokuja mkaguzi mpya, kijana mwenye bidii ambaye bado alikuwa anatumia ile karatasi ya kupangusia badala ya kuitia mfukoni akafutie viatu. Alimchagua mtoto wa kwanza, akampangusa mdomo, akavuta karatasi. Karatasi haikuloa mafuta. Badala yake kukatokea uzi. Uzi ukavutika kutoka mdomoni kwa mtoto mpaka kwenye karatasi, mkaguzi akarudi nyuma hatua moja, uzi ukamfuata, akarudi hatua tano, uzi ukawa bado upo, unang'aa juani. Akawajaribu wengine sita. Akapata nyuzi saba. Bi Mashavu alikamatwa upawa ukiwa mkononi.

Kesi ilisikilizwa asubuhi moja, na Kaangoni yote ikajaa mahakamani, wengine madirishani. Mwendesha mashtaka alisoma mashtaka saba, moja kwa kila uzi, ya kuwalisha watoto wa taifa chukuchuku kwa makusudi. Alizungumza juu ya mama yetu Mafuta na baba yetu Samli. Alisema mshtakiwa ameeneza uvumi wa metali, na kwamba leo uvumi huo utazikwa rasmi.

Sumaku ya Taifa ikaingizwa. Ikapitishwa juu ya dumu la mafuta, kimya. Kisha Dakta Mng'aro, kwa kutaka haki itendeke kwa pande zote, akaomba ipitishwe na juu ya mshtakiwa. Ilipofika begani kwa Bi Mashavu ikaruka, tak, ikaing'ang'ania pini aliyofungia kanga yake.

"Mheshimiwa Hakimu!" akapaza sauti Dakta Mng'aro. "Metali imepatikana. Anayo yeye!"

Upande wa mbele, walikokaa wakubwa, wakapiga makofi. Hakimu Mwinchande, mzee mwenye mikono ya kutetemeka aliyependa sana vitumbua, akamuuliza mshtakiwa kama ana la kusema.

"Ninalo," akasema Bi Mashavu. "Nilipika kwa mafuta yenu miezi saba. Hilo ndilo kosa langu, na kwa hilo hakuna aliyenishtaki. Nililisha watoto wa watu sumu huku napiga vigelegele. Mjukuu wangu alikuwa na kichwa kinachowaka kama taa, nikamzima kwa mkono huu. Nikaacha. Mkinifunga, nikitoka napika chukuchuku. Mkinipeleka jikoni gerezani, napika chukuchuku humo humo. Mheshimiwa, mimi nina miaka sitini kasoro mmoja. Mtachoka nyinyi kabla yangu."

Hakimu akasema maneno hayo yamemgusa na kwamba anamtia hatiani kwa makosa yote. Adhabu kwa mujibu wa sheria ni miezi mitatu kwa kila kosa. Makosa ni saba. Kwa hiyo mshtakiwa atatumikia kifungo cha miezi...

Akasita.

"Miezi mitatu," akarudia, "mara saba."

Akamtazama karani wa mahakama. Karani akasema kwa kunong'ona kwamba saba iliondolewa kwenye jedwali mwaka jana. Mwendesha mashtaka akakisia kumi na nane. Dakta Mng'aro akasema haipungui ishirini na nne, na akashauri wakutane katikati. Hakimu akaanza kuhesabu kwa vidole, tatu, tatu, tatu, lakini mikono ilitetemeka, akapoteza kidole, akaanza upya. Mashine ya kuhesabia ya mahakama ilikuwapo, lakini betri yake ilishachukuliwa na shemeji.

Hapo karani mzee wa masijala, aliyekuwa amesinzia pembeni, akakumbusha kifungu kimoja cha sheria, kilichoandikwa na watu wa zamani ambao hawakuonja mafuta ya Mshibishaji. Hakimu asipoweza kutaja kifungo kwa idadi kamili kabla ya kengele ya saa sita, mshtakiwa aende zake, wala asishtakiwe tena kwa jambo hilo.

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

Wazazi wa Mjokeni wakatazamana. Wanaolijua jibu, na sasa walikuwapo kadhaa, wakajiuma midomo. Bi Mashavu mwenyewe alikuwa amesimama kizimbani amekunja mikono, analijua tangu ana miaka sita, tangu matofali ya baba yake, na alikuwa anaitazama saa bila kupepesa. Dakika tatu. Hakimu alikuwa amepoteza kidole tena. Dakika mbili. Mwendesha mashtaka alikuwa anachora vijiti ukutani kwa kalamu, na kila akifika kijiti cha kumi anasahau alikuwa anachora nini.

"Tatu mara saba," Hakimu akasema kwa sauti ya mtu anayezama. "Jamani, saba mara tatu ni ngapi?"

"ISHIRINI NA MOJA!"

Sauti ilitoka dirishani. Kila kichwa kikageuka. Kidawa alikuwa amening'inia kwenye nondo za dirisha, macho yamemtoka, na mkono ameshaupeleka mdomoni, lakini ulikuwa umechelewa.

Mtu akaguna. Mwanamke mmoja akasema, "Ewe mtoto, umemfunga bibi yako!" Uso wa Kidawa ukaanza kukunjamana.

Lakini Bi Mashavu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamchuruzika mpaka shingoni, akashika ukingo wa kizimba asianguke. Miezi yote ile alikuwa akisubiri kitu kimoja, nacho kimekuja, na hakikuuliza kama wakati ni mzuri.

"Nne je?" akamuuliza kwa sauti kuu, kana kwamba mahakama haikuwapo. "Saba mara nne?"

"Ishirini na nane," Kidawa akasema huku analia.

"Tisa?"

"Sitini na tatu. Bibi, nikupe zote?"

"Sahihi," akasema Bi Mashavu. "Lete bakuli."

Hakimu akaandika miezi ishirini na moja, akamshukuru mtoto kwa kuisaidia mahakama. Kengele ikalia.

Lakini wazazi waliojaa ukumbini hawakuisikia kengele. Walikuwa wanamtazama mtoto aliyekula chukuchuku mwaka mzima, kisha wanamtazama mheshimiwa na vidole vyake, kisha kila mmoja anawawaza walioko nyumbani kwake, jinsi walivyotulia. Hakuna aliyehutubia. Walitoka wakaenda majumbani, wakaingia majikoni.

Kwao Shibeni, kama kwetu, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea kitu kwenye bakuli, bakuli lake utalirudisha na chochote ndani, la sivyo huna adabu. Na watu wa Kaangoni walikuwa na adabu sana. Kesho yake asubuhi walitokea kila mtaa na madumu ya Mafuta ya Uzalendo vichwani, mikononi, kwenye baiskeli na mikokoteni. Fundi Mbaruku alibeba lake kwa mkono wa kushoto. Mwalimu Ngwali naye alikuja na dumu moja, akitembea kwa mara ya kwanza kama mtu asiyebeba mayai. Wakayapanga mbele ya lango la kiwanda cha Mshibishaji, safu kwa safu, mpaka malori yakashindwa kutoka.

Mlinzi wa lango alichanganyikiwa. Alikuwa na kitabu cha kuandikia kila kinachoingia, na kitabu kilitaka idadi. Alihesabu safu ya kwanza, akasahau, akaanza tena, jasho likamtoka. Wakubwa walikuwa wanapiga kelele kwenye simu wakitaka kujua ni madumu mangapi.

Kidawa akatoka kwenye kundi. Alikuwa amejifunga kanga ya bibi yake, imemzidi urefu. Akatembea pembeni mwa madumu, polepole, kidole kikihesabu hewani, mpaka mwisho, akarudi.

"Safu kumi na mbili," akamwambia mlinzi, "na kila safu saba. Themanini na nne. Na hakuna hata moja tupu. Andika, mjomba."